Nguo za Kuchagua

Kila Jumamosi, kama miguu hainisumbui, huteremka hadi soko la Mlango Mmoja hapa Mwanza kutazama watu wakinunua nguo. Nasema kutazama kwa sababu mzee wa miaka sabini na mitano, mwenye mashati saba kabatini na safari chache, hana haja kubwa ya nguo. Hata hivyo ni nadra nikarudi mikono mitupu. Jumamosi iliyopita nilirudi na shati la mikono mirefu, la pamba tupu, rangi ya maziwa, kwa shilingi 4,000, na njia nzima nilikuwa nikijisikia kama mtu aliyeshinda kesi.

Hisia hiyo ndiyo iliyonifanya nishike kalamu. Mtu aliyenunua kitu rahisi hufurahi kwa sababu amebakiza fedha. Lakini mimi sikuwa nikifikiria fedha iliyobaki. Nilikuwa nikifikiria kwamba katika lundo lile lenye mashati labda mia tatu, mkono wangu ndio uliolikuta lile moja.

Nilipokuwa nikifundisha Kiswahili, nilikuwa nikiwaambia wanafunzi wasihakiki hadithi kabla ya kuisoma. Wengi wanaouhukumu mnada wa mitumba hawajausoma. Wamepita kando yake ndani ya gari, vioo vimefungwa, wakaona vumbi na kelele, wakaenda kuandika hotuba. Nami nisijitoe: mwaka 1987 niliuhukumu mnada huu kabla sijausoma, na hukumu yangu ilimwangukia mtu asiyekuwa na kosa. Nitaieleza mahali pake.

Tuanze na jina. Mtumba katika Kiswahili cha zamani ni mzigo uliofungwa vizuri, hasa mzigo wa nguo, kama ule uliobebwa na wapagazi wa misafara kutoka pwani kuingia bara. Ndani ya mitumba ile ya karne ya 19 kulikuwa na kitambaa kipya kabisa: kaniki, na ile nguo nyeupe isiyopaushwa ambayo babu zetu waliiita marekani, kwa kuwa ililetwa Unguja na wafanyabiashara wa Marekani, hasa wale wa bandari ya Salem. Kwa hiyo mtumba lilikuwa jina la mfungo, wala halikuwa jina la uchakavu. Uchakavu umeingia juzi juzi tu, na sasa umekaa kabisa hata tunasema gari la mtumba na friji ya mtumba. (Wizara zetu nazo zimehamia Mtumba, Dodoma, lakini hilo ni jina la mahali, wala nisieleweke vibaya.)

Majirani zetu nao wana majina yao, na ukiyaweka pamoja yanafundisha jambo. Wazambia husema salaula, neno la Kibemba linalohusu kupekua lundo. Wanyarwanda husema caguwa, ambalo ni neno letu hili hili la chagua, limevuka mpaka likabadilisha mavazi. Lakini kule Ghana waliziita nguo za mzungu aliyekufa, na hapa kwetu kulikuwa na wakati watu wakisema kafa Ulaya. Hayo ni makundi mawili ya majina. Kundi moja linatazama zilikotoka nguo, linamwona maiti. Kundi la pili linatazama mkono wa mnunuzi, linauona ukipekua na kuchagua. Nionavyo mimi, majina ya kundi la kwanza yametungwa na watu waliosimama wima, na ya kundi la pili yametungwa na watu walioinama.

Sasa tuiname. Robota la kawaida, ambalo vijana huliita balo, lina uzito wa kilo 45. Limebanwa kwa mashine huko lilikotoka, Ulaya, Marekani, Canada, na siku hizi hata China na Korea, likafungwa kwa mikanda, likaingilia bandari ya Dar es Salaam, na kutoka hapo likapakiwa lori kuja kwetu. Mwuzaji wa rejareja hulinunua likiwa limefungwa. Hujua aina tu: mashati ya wanaume, magauni, nguo za watoto, mashuka. Yaliyomo hayaoni. Akikuta nguo nzima nzima, mwezi wake umenyooka. Akikuta madoa na vifungo vilivyong'oka, hasara ni yake, na mara nyingi mtaji wenyewe ni wa kukopa. Nimekaa mara kadhaa wakati mkanda unakatwa. Watu wote hunyamaza. Kimya kile nakifahamu. Ndicho kilichokuwa kikitanda ofisini kwangu bahasha ya matokeo ya darasa la saba ilipokuwa inafunguliwa.

Baada ya hapo ndipo huanza jambo ambalo wapita njia hawalijui, yaani kwamba lundo moja huuzwa mara tatu au nne kwa siku. Asubuhi wanakuja wachaguaji wa kwanza: wenye maduka ya nguo mjini, ambao watazipiga pasi na kuzitundika kwenye vioo vyao, na akina mama wenye nafasi waliopigiwa simu usiku na mwuzaji wao. Hapo shati zuri ni shilingi 10,000, wakati mwingine zaidi. Ikifika adhuhuri lundo limepungua uzuri, bei ni nusu yake. Alasiri utasikia elfu elfu. Jua likielekea kuzama juu ya ziwa, zilizobaki humwagwa chini kwenye turubai na kuuzwa kwa mia tano, na mwisho kwa mafungu, kama nyanya zilizoanza kulainika.

Kwa maneno mengine, mnadani saa ndiyo bei. Watu wanaousifu mnada husema kwamba pale meneja wa benki na mwendesha bodaboda huinama kwenye lundo moja. Ni kweli, lakini hawainami kwa saa moja. Mwenye fedha hununua asubuhi, asiye nayo hungoja, naye hulipa kwa muda wake na kwa kukosa vile vilivyotangulia kuchukuliwa. Sipendi sifa zinazoruka jambo hilo. Ila nikiri pia kwamba utaratibu huu una mlango wa nyuma ambao duka la kawaida halina. Wachaguaji wa asubuhi huwa na haraka, nao hutafuta chapa zinazojulikana. Namfahamu mama mmoja anayeuza dagaa Kirumba, kwenye mwalo, ambaye hufika mnadani jioni akiwa bado ananuka ziwa. Hana habari na chapa. Hushika kitambaa kati ya kidole gumba na cha shahada, hukisugua, hukitazama mshono kwa ndani, kisha hukiachia au hukitupa begani. Watoto wake huvaa kuliko watoto wa walimu wengi niliowafahamu.

Elimu ile ya vidole hakuna chuo kinachoitoa. Nilisoma chuo cha ualimu, nikahitimu mwaka 1971, nikafundishwa saikolojia ya mtoto na namna ya kupanga ubao, lakini sikuweza kutofautisha pamba na nailoni mpaka nilipofundishwa na wanawake wa Mlango Mmoja. Wanajua kola ipi itakatika baada ya kufuliwa mara kumi. Wanajua suruali iliyofupishwa ikishonwa upya itaacha mstari. Wanajua zipu ya shaba na zipu itakayokuaibisha kanisani.

Halafu kuna wapiga mnada wenyewe, wale vijana wanaosimama juu ya meza. Kwa mtu aliyefundisha fasihi simulizi kwa miaka karibu arobaini ni aibu kusema kwamba nilichelewa kuwasikiliza. Kijana husimama juani saa sita bila kitabu, bila kipaza sauti, akashika watu hamsini ambao hawakupanga kusimama. Hubadilisha beti kulingana na anayepita. Akipita mama mjamzito, shairi ni la nguo za mtoto. Akipita askari, shairi linashusha sauti kidogo. Mmojawao nilimfundisha. Insha zake nilikuwa nikizipa alama nane katika ishirini na kuandika pembeni, kwa wino mwekundu, "Hujapanga mawazo." Siku aliponiona chini ya meza yake aliruka mstari aliokuwa akiuimba na kusema, "Shikamoo Mwalimu! Jamani mpisheni Mwalimu, shati lake hili hapa, jeupe kama chaki, mikono miwili, kola moja, halina kosa la sarufi!" Watu walicheka, nami nikanunua. Mawazo yake yalikuwa yamepangwa vizuri sana.

Lakini mvuto wa mnada hauwezi kueleweka kwa kuutazama leo tu. Ni lazima turudi kwenye foleni.

Kijana aliyezaliwa baada ya mwaka 1990 hawezi kuijua hali ya nguo nchini mwetu kati ya mwisho wa vita vya Kagera mwaka 1979 na mwaka 1984. Fedha za kigeni hazikuwapo, mafuta yalikuwa ghali, viwanda vilikuwa vikizalisha chini ya uwezo wake, na nguo ikawa bidhaa adimu pamoja na sabuni, sukari na dawa ya meno. Nguo zilipitia kampuni ya biashara ya mkoa, kisha duka la ushirika, kisha kibali, kisha foleni. Miguuni tulivaa katambuga za matairi, na sikuona ajabu mwalimu mwenzangu alipokuja kazini na suruali iliyotokana na pazia.

Jambo ambalo simulizi za wakati ule hulisahau ni hili: hata ukiipata nguo, hukuichagua. Mke wangu, ambaye sasa ni marehemu, alisimama kwenye foleni ya khanga tangu alfajiri hadi saa nane mchana mwaka 1982. Alipofika dirishani alikabidhiwa doti moja, akalipa, akasukumwa pembeni. Khanga, kama msomaji ajuavyo, ina maneno, na maneno hayo ndiyo nusu ya khanga. Alipoikunjua nyumbani alikuta maneno ya kumsuta mke mwenza, naye hakuwa na mke mwenza. Aliivaa hivyo hivyo miaka mitano. Majirani walianza kuniangalia kwa namna.

Nasimulia kisa hicho tukicheka, na yeye alikuwa wa kwanza kucheka. Lakini ndani yake mna jambo zito. Mtu mzima, mke, mama, mwenye ladha yake na maneno yake ya kumwambia jirani, anakabidhiwa ya kuvaa kama mfungwa anavyokabidhiwa sare. Kisha bajeti ya Juni 1984 ikawaruhusu wenye fedha zao za kigeni kuagiza bidhaa bila kuulizwa wamezipata wapi, na mwaka uliofuata Rais Mwinyi alipoingia madarakani, milango ikafunguliwa zaidi. Nguo kuukuu, ambazo kabla ya hapo ziliingia kwa kificho mipakani au kwa misaada ya misheni, zikamwagwa hadharani juu ya turubai. Kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi mwanamke wa Mwanza aliweza kushika gauni, akalikataa, akashika jingine. Wachumi wamehesabu bei ya gauni lile. Sijamwona aliyehesabu kule kulikataa.

Na hapa ndipo nilipokosea.

Mwaka 1987 nilikuwa mwalimu mkuu wa shule moja ya msingi. Alipangiwa kwetu kijana aliyetoka chuoni, mkimya, mwenye mwandiko mzuri wa ubaoni. Mishahara ilikuwa imechelewa kwa miezi miwili. Jumatatu moja alikuja amevaa koti la buluu la mitumba, lenye nembo ya shule fulani ya Ulaya kifuani. Nilikuwa muumini mkubwa wa kujitegemea, na bado sijaiacha imani hiyo, lakini imani ikikosa adabu ni kitu kibaya. Nilimwita mbele ya paredi, wanafunzi wote wamesimama mistarini, nikasema kwamba mwalimu hawezi kuwafundisha watoto kujitegemea huku amevaa nguo za maiti wa Ulaya. Watoto walicheka, kama watoto wanavyocheka mkubwa akiaibishwa. Yeye alisema tu, "Nimekusikia, Mwalimu Mkuu." Kesho yake alikuja na shati lenye viraka kwenye viwiko vyote viwili, na mwaka mzima sikumwona tena na koti, hata asubuhi za mvua.

Jioni ile nilimsimulia mke wangu kwa fahari. Alikuwa akipepeta mchele. Hakuinua uso. Akasema, "Na hilo koti la kijivu ulilovaa wewe ulipokuwa ukimwambia hivyo, Mwalimu, ulidhani limetoka wapi?"

Nilidhani limetoka Nairobi, kwa dada yake, maana ndivyo alivyoniambia. Kumbe lilitoka kwenye turubai. Alikuwa amelifua mara tatu, akalipeleka kwa fundi likabadilishwa vifungo, akabandua kitambaa cha jina shingoni kwa wembe. Suruali zangu mbili nazo zilitoka huko. Hakutaka niaibike kwa wenzangu kwa kwenda kazini na viraka, wala hakutaka ubishi wa siasa nyumbani, basi akachagua njia yake.

Ningependa kuandika kwamba nilijuta usiku ule. Ukweli ni kwamba nilianza kuhesabu ni nani mwingine aliyejua. Yule kijana sikumwomba radhi. Mwaka uliofuata aliomba uhamisho kwenda Bariadi, nami niliupitisha kwa haraka kuliko nilivyopitisha uhamisho wa mtu mwingine yeyote. Sijamwona tena. Kama bado yuko hai atakuwa amestaafu, na kama kitabu hiki kidogo kitamfikia, basi ajue kwamba maneno niliyoyasema pale paredi niliyasema nikiwa ndani ya koti la maiti yule yule.

Kosa langu halikuwa kwamba nilikuwa na wasiwasi juu ya viwanda vyetu. Wasiwasi ule ulikuwa wa haki. Mimi ni mtoto wa mkulima wa pamba. Nimebeba magunia ya pamba kichwani hadi kituo cha ushirika, nimeona lori zikiipeleka kwenye kinu cha kuchambulia, nikaona nyuzi nyeupe zikibanwa kuwa marobota. Miaka ya sitini tulijengewa kiwanda cha Mwatex hapa hapa Mwanza, kama Dar es Salaam walivyopata Urafiki mwaka 1968 kwa msaada wa China. Nilipowapeleka wanafunzi Mwatex mwaka 1976, mtoto mmoja aliuliza kama pamba ya baba yake iko ndani ya kile kitambaa kinachotoka upande wa pili. Mwenyeji wetu alijibu kwamba iko. Lilikuwa jibu zuri kuliko masomo yangu yote ya siasa.

Leo sehemu kubwa ya pamba yetu husafirishwa nje ikiwa nyuzi tu. Inaondoka kwa marobota na sisi tunapokea marobota. Anayepita barabarani akiona lori mbili zikipishana anaweza asijue ipi imebeba pamba ya baba na ipi imebeba shati la mtoto.

Nani aliyeua Mwatex? Husemwa kwamba ni mitumba. Nimelifikiria jambo hili kwa muda mrefu, na naona jibu hilo ni la nusu. Foleni ya khanga ya mwaka 1982 ilikuwapo kabla mitumba haijaruhusiwa. Kama viwanda vingekuwa vinatuvisha, mke wangu asingesimama tangu alfajiri. Vipuri havikuwapo, umeme ulikatika, uongozi ulikuwa wa barua na vikao, na hakuna aliyemwuliza mvaaji anataka nini, kwa kuwa mvaaji hakuwa na pa kwenda. Mgonjwa alikuwa kitandani tayari. Walakini ni kweli pia kwamba mitumba ilipoingia mgonjwa hakupata tena nafasi ya kuinuka. Wala serikali ya miaka ya tisini, iliyokuwa na shughuli ya kuuza viwanda, haikumwekea hata mto.

Fundi cherehani wa mtaani kwetu aliwahi kuniambia jambo hili kwa maneno machache kuliko yangu. "Zamani nilikuwa nashona suruali, Mwalimu. Siku hizi nashona pindo." Ana kazi nyingi kuliko zamani, foleni ya watu wanaopunguza viuno na kufupisha mikono. Lakini kijana aliyejifunza kwake hajui kukata kitambaa kizima kwa chaki. Ufundi unaopotea hivyo haupigi kelele, na sioni katika sifa za mitumba mahali unapohesabiwa.

Mwezi Machi 2016 wakuu wa nchi za Afrika Mashariki waliokutana Arusha walikubaliana kwamba nguo na viatu vilivyotumika viondolewe sokoni kidogo kidogo katika muda wa miaka mitatu. Niliposikia, yule mwalimu mkuu wa 1987 aliye ndani yangu alipiga makofi. Kisha wafanyabiashara wa nguo kuukuu wa Marekani walilalamika kwa serikali yao, nayo ikatishia kuzinyima nchi zetu nafuu ya kuuza bidhaa huko bila ushuru. Kenya ilirudi nyuma mapema, sisi na Uganda tukafuata. Rwanda peke yake ilishikilia ushuru wake mkubwa, na mwaka 2018 nguo zake zikaondolewa katika nafuu hiyo. Hivyo nchi iliyokuwa ikituuzia marekani mpya katika karne ya 19 ilipigania, katika karne ya 21, haki ya kutuuzia iliyovaliwa.

Kutishiwa huko kuliniudhi, na bado kunaniudhi. Lakini hoja za upande wetu nazo zilinikera, hasa ile iliyorudiwa kuliko zote, ya heshima. Walisema ni aibu kwa Mwafrika kuvaa nguo iliyovuliwa na mwingine. Nani aliyeulizwa kama ameaibika? Yule mama wa dagaa alikuwa hajaaibika mpaka aliposikia redioni kwamba ameaibika. Heshima aliyokuwa nayo ilikuwa ya kusimama mbele ya lundo akiwa mwamuzi, na hakuna aliyemwonyesha ni mbele ya nini atasimama baadaye. Angekabidhiwa tena doti dirishani? Mpango ungeanza kwa kumjazia rafu, ukamwachia mwenyewe alikimbie turubai, ningekuwa mtetezi wake wa kwanza.

Kwamba bei peke yake sicho kinachowavuta watu, ushahidi uko wazi leo kuliko wakati wowote. Siku hizi nguo mpya kutoka China zimejaa kila duka, na nyingi ni rahisi kuliko mtumba wa gredi ya kwanza. Nilimwuliza mjukuu wangu wa kike, anayesoma chuo, kwa nini basi anatoa elfu kumi na tano kwa gauni kuukuu wakati jipya ni elfu kumi na mbili. Aliniangalia kwa huruma. "Babu, hilo jipya wanalo wasichana wote hosteli nzima. Hili halina mwenzake." Bibi yake asingeweza kulijibu swali lile vizuri zaidi.

Hata hivyo mnada wenyewe unazeeka. Sisemi hivi kwa uchungu wa mzee anayeona kila kitu kimeharibika. Vidole vya wale akina mama husema vivyo hivyo. Ulaya na Marekani wamejifunza kushona nguo za kuvaliwa mara chache na kutupwa, na hizo ndizo zinazotufikia: nyuzi za plastiki, mishono ya haraka, rangi inayotoka kwenye beseni la kwanza. Chini ya kila robota mna fungu lisilofaa hata kwa tambara la kudekia, na fungu hilo halirudi lilikotoka. Linaishia mitaroni, na mvua ikinyesha mitaro yetu humwaga ziwani. Shirika la Viwango limekataza chupi na sidiria zilizotumika, na bado zinaonekana minadani, zimefichwa chini ya mashuka na kutolewa kwa mteja anayeaminika. Haya ni madoa, na mhakiki asiyeyataja amekuwa mpiga mnada.

Jumamosi iliyopita, baada ya kulipa zile 4,000, nilikaa kidogo kwenye benchi la muuza kahawa kupumzisha goti. Mbele yangu kijana mmoja alikuwa akijaribu koti juu ya fulana yake. Hapakuwa na kioo. Alijigeuza kushoto, akajigeuza kulia, akatafuta uso wa mtu wa kumtazama, akaniona mimi.

"Shikamoo mzee. Linanikaa?"

Nilimwomba ageuke nione mabega. Mabega yalikaa vizuri. Mikono ilizidi kama nchi moja.

"Marahaba. Linakukaa," nikamwambia. "Mikono apunguze fundi. Umeambiwa shilingi ngapi?"

"Elfu nane."

"Ngoja kidogo, saa kumi haijafika."

Alicheka, akalivua, akalishikilia mkononi bila kulirudisha kwenye lundo, tukakaa wote wawili kuisubiri bei ishuke.